Je, chini ya ardhi kuna ziwa la mafuta?

Swali: “Mtaalamu, salaam. Mimi na wenzangu tumebishana hadi tumechoka. Mmoja anashikilia kwamba mafuta ni dinosaria waliooza. Mwingine anasema chini kuna ziwa, kampuni inatoboa na kunyonya mpaka likauke. Tueleze: mafuta na gesi asilia vinatokana na nini? Kwa nini mahali pengine hupatikana gesi tupu bila mafuta? Na ni kweli kwamba kisima kikifungwa mafuta mengi hubaki chini?”

Jibu:

Ndugu msomaji, salaam kwako na kwa wenzako.

Nianze na ziwa, kwa sababu ukishaliondoa hilo mawazoni, maswali mengine yanakuwa mepesi. Hakuna ziwa, wala pango lililojaa mafuta. Mafuta na gesi vimo ndani ya mwamba wenyewe, katika vitundu vilivyo kati ya chembe na chembe, vidogo hata huwezi kuviona bila hadubini. Tafuta kipande cha jiwe la mchanga, lile ambalo ukilipapasa unahisi chembe zake kwenye vidole, ulidondoshee tone la maji. Tone litatandaa kidogo, kisha jiwe litalinywa lote. Maji yameingia kati ya chembe. Katika mwamba mzuri wa mafuta, nafasi hizo huwa kama asilimia 10 hadi 30 ya mwamba mzima. Kilichobaki ni jiwe.

Wataalamu wanapotaka kuujua mwamba huo hukata kipande kirefu cha duara huko chini, kilometa mbili au tatu, wakakipandisha juu. Kikifika mezani, kwa macho ni jiwe la kahawia tu. Kivunje, utasikia harufu ya mafuta. Kiingize kwenye chumba chenye giza ukimulike kwa mwanga wa urujuanimno, na sehemu zenye mafuta zitang'aa rangi ya manjano, huku zisizo nayo zikibaki nyeusi. Mara nyingi mpaka kati ya sehemu hizo mbili unaonekana waziwazi. Ninatamani kila anayebishana juu ya mafuta angepata nafasi ya kukitazama kipande kama hicho japo mara moja, maana huhitaji maelezo mengi baada ya hapo.

Kuhusu dinosaria, mwenzako amekosea mnyama, ingawa zama hajakosea sana. Mafuta mengi tunayoyachimba leo yalitokana na tope lililotua katika vipindi vya Jura na Kretasia, wakati dinosaria wakitawala nchi kavu. Tope la Kimmeridge, ambalo ndilo lililozaa sehemu kubwa ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini, lina umri wa miaka milioni 150 hivi. Lakini mnyama mkubwa akifa nchi kavu huliwa, huoza, na hewa humaliza kilichobaki. Waliotuachia mafuta ni mwani na viumbe wengine wadogo sana wanaoelea majini, ambao kwa jumla huitwa planktoni. Huishi siku chache, hufa kwa mabilioni, na mabaki yao hushuka chini taratibu bila kukoma.

Hata hao wengi wao hupotea. Maji yakiwa na oksijeni, bakteria na wadudu wa chini hula karibu kila kitu, na kinachosalia ni chini ya asilimia moja. Ili mabaki yabaki, maji ya chini yawe yametulia na yamekosa oksijeni. Bahari Nyeusi ya leo ni mfano hai: ukishavuka kina cha mita 200 hivi, oksijeni imekwisha, na kinachotua huko hufunikwa na tope jeusi kabla hakijaliwa. Mahali pa namna hiyo ndipo mafuta yanapoanzia.

Je, tunajuaje kwamba ni viumbe hai kweli? Katika miaka ya 1930 mkemia Mjerumani Alfred Treibs aligundua ndani ya mafuta ghafi molekuli za pofirini, ambazo kiini chake kina umbo lilelile la klorofili, ile inayoifanya mimea iwe ya kijani. Mwani ulikufa miaka milioni nyingi iliyopita, ukafukiwa, ukapata joto, na bado sehemu ya molekuli iliyokuwa ikivuna mwanga wa jua imo ndani ya mafuta. Kwangu mimi huu ni ushahidi mzuri kuliko wote katika fani hii.

Sasa tope limefunikwa. Mashapo mengine yanarundikana juu yake, mamia ya mita, halafu maelfu. Linagandamizwa, maji yanakamuliwa, linakuwa mwamba. Mabaki ya viumbe yanageuka kuwa kitu kigumu chenye kaboni nyingi kiitwacho kerojeni, ambacho peke yake si mafuta. Kinachokifanya kuwa mafuta ni joto. Ardhi huzidi kuwa ya moto kadiri unavyoshuka, kwa wastani nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi kwa kila kilometa. Kuanzia nyuzi 60 hivi kerojeni huanza kukatika vipande, na vipande vyenye urefu wa kati ndivyo mafuta. Kazi hii hupamba moto karibu na nyuzi 100, na kufika nyuzi 120 au zaidi kidogo inaelekea ukingoni. Kwa kina, hiyo mara nyingi ni kati ya kilometa mbili na nne. Ikizidi nyuzi 150, hata mafuta yaliyokwisha kuundwa huvunjika, minyororo mirefu ya kaboni inakatwakatwa, na mwisho wake ni methani, molekuli yenye atomu moja tu ya kaboni. Hiyo ndiyo gesi asilia.

Hapo umepata nusu ya jibu la swali lako la pili. Mahali penye gesi tupu, mara nyingi mwamba mama, yaani ule wenye kerojeni, umeshuka sana ukaiva kupita kiasi. Nusu nyingine inategemea kilichofukiwa. Mwani una mafuta ndani ya mwili wake, kwa hiyo hutoa mafuta. Miti na majani ya nchi kavu ni nyuzinyuzi na mbao, vikipata joto hutoa gesi zaidi. Gesi ya Groningen huko Uholanzi, iliyogunduliwa mwaka 1959, ilitoka kwenye matabaka ya makaa ya mawe yaliyo chini ya jiwe la mchanga lililoihifadhi. Ipo pia njia ya tatu ambayo haihitaji joto kubwa kabisa: bakteria wanaoishi kwenye mashapo yasiyo na oksijeni hutengeneza methani wao wenyewe. Leviathan, hazina kubwa iliyogunduliwa mwaka 2010 mashariki mwa Bahari ya Mediterania, ni gesi ya aina hiyo. Kwa hiyo mtu akikuambia “wamepata gesi,” swali la kwanza la mtaalamu ni gesi ya namna gani, maana jibu lake linadokeza kama kuna matumaini ya kupata mafuta jirani au hakuna.

Mafuta yakishaundwa hayatulii. Miamba ya chini imejaa maji ya chumvi, na mafuta ni mepesi kuliko maji, hivyo hupanda, kitundu hadi kitundu, ufa hadi ufa, kwa maelfu ya miaka. Mengi hufika juu ya ardhi na kupotea. Na kama mwenzako bado anataka ziwa, basi aende La Brea, Trinidad. Pale pana ziwa la hekta 40 hivi, lakini ni la lami na liko juu ya ardhi: mafuta yalipanda, sehemu nyepesi zikayeyukia hewani, na nzito zikabaki.

Tunachokichimba ni kile kilichozuiwa njiani. Kizuizi ni tabaka lisilopitisha kitu, la udongo mfinyanzi uliogandamana au chumvi, na chini yake mwamba wenye vitundu uliopinda kama kuba au uliokatwa na ufa mkubwa. Gesi hukaa juu, mafuta chini yake, maji chini kabisa. Ghawar ya Saudia, iliyogunduliwa mwaka 1948, ni tao moja la mawe ya chokaa lenye urefu wa kilometa 280 hivi, limefunikwa na tabaka la madini yaliyoachwa na bahari iliyokauka. Hakuna hazina ya mafuta ya kawaida kubwa kuliko hiyo duniani. Vitu vyote vilikutana: mwamba mama, joto, vitundu, umbo, kifuniko. Kimoja kikikosekana, hakuna kitu.

Mahali pa namna hiyo huitwa mitego, na kuitafuta hufanywa kwa mitetemo. Nchi kavu, malori mazito hutetemesha ardhi. Baharini, meli huvuta vifaa vinavyopiga hewa iliyogandamizwa, na mwangwi unaorudi kutoka kila tabaka hurekodiwa. Picha inayopatikana huonyesha umbo la miamba vizuri ajabu, ila uhakika wa kilichomo haupatikani mpaka uchoronge. Visima vingi vya utafutaji hukutwa na maji tu.

Kuchoronga kwenyewe kumebadilika sana tangu Edwin Drake alipopata mafuta huko Titusville, Pennsylvania, mwaka 1859, kwenye kina cha mita 21 hivi. Leo kilometa tatu au nne ni jambo la kawaida, na kisima kinaweza kushuka wima kisha kikakunja kikaenda mlalo ndani ya tabaka. Kitu ambacho watu hawakijui, nami ningependa wakijue, ni tope. Wachimbaji hushusha tope maalumu ndani ya bomba la kuchorongea. Linatokea kwenye keekee, yaani ncha inayokata mwamba, linaipoza, na kurudi juu nje ya bomba likibeba vipande vya mwamba. Lakini kazi yake kubwa ni uzito. Huko chini mafuta na gesi vimebanwa kwa nguvu kubwa, na kinachozuia visifumuke ni uzito wa tope lililojaa kisimani. Likiwa jepesi mno, kisima kinalipuka. Likiwa zito mno, linapasua mwamba. Huko Spindletop, Texas, tarehe 10 Januari 1901, mafuta yalifumuka yakarusha mabomba juu, na ikachukua siku tisa kukidhibiti kisima. Wakati ule watu walipiga picha na kushangilia. Siku hizi tukio kama lile ni maafa.

Baada ya kila hatua kisima huvishwa bomba la chuma, na saruji humiminwa kati ya chuma na mwamba ili gesi isipate upenyo. Saruji hiyo ndiyo iliyoshindwa kwenye kisima cha Macondo, Ghuba ya Meksiko, mwaka 2010. Jaribio la shinikizo lilionyesha dalili mbaya, likasomwa vibaya, tope zito likaondolewa na maji ya bahari yakawekwa mahali pake. Gesi ikapanda hadi kwenye Deepwater Horizon, mtambo wa kuchoronga uliokuwa ukielea juu yake. Watu 11 walikufa, na mafuta yalitiririka baharini siku 87 kabla kisima hakijafunikwa. Ukisoma habari za mafuta, usiishie kwenye mapipa. Uliza pia habari za saruji.

Nakuja kwenye swali lako la tatu, na jibu ni ndiyo. Mafuta mengi hubaki chini, kwa kawaida zaidi ya nusu.

Sababu yake ni ileile ya vitundu. Mwanzoni shinikizo la asili husukuma mafuta kuelekea kisimani, na kisima kinaweza kutiririka chenyewe. Kadiri yanavyotoka, shinikizo hushuka, na ukiacha hapo umepata pengine sehemu moja ya kumi. Ndipo visima vingine huchimbwa kwa ajili ya kusukuma maji au gesi ndani ya mwamba, ili mafuta yasogezwe kuelekea vile vinavyozalisha. Hii husaidia sana. Lakini maji hupenda njia nyepesi: hupita kwenye vitundu vipana na kuyaacha mafuta kwenye vyembamba, yakiwa matone yaliyonaswa kwenye kuta za chembe. Kuna visima ambavyo, katika kila mapipa kumi yanayotoka, tisa ni maji. Kwa wastani wa dunia, kinachopatikana ni kama theluthi moja ya mafuta yaliyokuwemo. Gesi ni tofauti. Shinikizo likishuka, yenyewe hutanuka na kujitoa, hivyo asilimia 80 au zaidi huweza kupatikana.

Mfano ninaoupenda ni Ekofisk, upande wa Norwei wa Bahari ya Kaskazini. Iligunduliwa mwaka 1969, na mwamba wake ni chaki laini. Matarajio ya mwanzo yalikuwa kupata asilimia 17 hivi ya mafuta yaliyokuwemo. Mafuta yalipotoka, chaki ilijibana na sakafu ya bahari ikaanza kuzama, hata mwaka 1987 ikabidi majukwaa ya chuma yakatwe miguu na kuinuliwa mita sita. Mwaka huohuo usukumaji mkubwa wa maji ulianza, na leo matarajio yamefika karibu nusu. Mwamba ni uleule. Kilichobadilika ni uelewa wa watu juu yake.

Groningen ilikwenda upande mwingine. Gesi ilitoka vizuri kwa miongo mingi, mwamba ukajibana, na nyufa za zamani zikaanza kuteleza. Mwaka 2012 tetemeko la ukubwa wa 3.6 lilitikisa kijiji cha Huizinge. Kwa mtu aliyezoea habari za matetemeko hiyo ni namba ndogo, lakini lilitokea karibu sana na uso wa ardhi, chini ya nyumba za matofali ambazo hazikujengwa kwa mitikisiko, na zikapasuka. Gesi nyingi bado imo. Serikali ya Uholanzi iliamua kufunga, na mwaka 2024 ikafunga moja kwa moja. Kwa maoni yangu uamuzi ulichelewa, kwani wakazi walilalamika miaka mingi kabla ya kusikilizwa.

Siku hizi watu hawangoji mafuta yatoke kwenye mwamba mama, wanaufuata hukohuko. Mwamba huo una vitundu vidogo mno, kwa hiyo huchimbwa mlalo na kupasuliwa kwa maji yenye shinikizo kubwa yaliyochanganywa na mchanga. Mchanga hubaki ndani kuzuia nyufa zisijifunge. Kampuni ya George Mitchell ndiyo iliyoonyesha kwamba inawezekana kibiashara, huko Texas kwenye tabaka la Barnett, mwishoni mwa miaka ya 1990. Uzalishaji wa visima hivi kwa kawaida hushuka kwa zaidi ya nusu ndani ya mwaka wa kwanza, na ndiyo maana uchimbaji wake haupumziki.

Kuhusu matumizi sitakaa sana, kwa kuwa mengi unayajua. Mafuta ghafi hupashwa moto hadi nyuzi 350 na zaidi, yakaingizwa kwenye mnara mrefu ambamo kila sehemu hutolewa kwa kimo chake: gesi za mitungi juu, kisha petroli, mafuta ya taa na ya ndege, dizeli, na lami chini kabisa. Dunia hutumia takribani mapipa milioni 100 kwa siku, kila pipa lita 159. Petroli hii ghali ya leo, katika miongo ya kwanza ya biashara hiyo, ilikuwa taka; kilichotafutwa kilikuwa mafuta ya taa.

Jambo moja la nyumbani nalisema kwa msisitizo. Gesi ya mtungi wa kupikia si gesi asilia. Ya mtungi ni propani na butani, ambazo ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya pembeni, chini ya kabati, kwenye mashimo. Methani ya bomba ni nyepesi, hupanda juu. Zote mbili hazina harufu kiasili. Harufu kali unayoisikia huongezwa makusudi, na kulifanya jambo hilo kuwa sheria kulisukumwa na mlipuko wa shule ya New London, Texas, tarehe 18 Machi 1937, ambapo gesi isiyo na harufu ilijaa chini ya jengo na kuua watu karibu 300, wengi wao watoto. Ukisikia harufu hiyo, usiwashe taa wala usiizime. Fungua madirisha, toka nje, ndipo upige simu.

Gesi asilia hutumika pia kwa umeme, na ikipozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri inakuwa kimiminika, ujazo wake ukipungua mara 600, hapo huweza kusafirishwa kwa meli. Matumizi yake ninayoyaona makubwa kuliko yote hayamo jikoni wala barabarani. Tangu mwaka 1913, kiwanda cha kwanza kilipoanza huko Oppau, Ujerumani, binadamu amekuwa akiunganisha haidrojeni na naitrojeni ya hewani kupata amonia, na kutoka amonia mbolea. Haidrojeni hiyo leo hutolewa zaidi kwenye methani. Makadirio yanaonyesha kwamba karibu nusu ya watu duniani wanalishwa na mazao yaliyokuzwa kwa mbolea ya njia hii. Anayesema tuache gesi kesho asubuhi inampasa aeleze hilo la mbolea, na anayesema tuendelee bila kikomo inampasa aeleze la hewa. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kama kilo 2.3 za kaboni dioksidi, nzito kuliko petroli yenyewe kwa sababu imebeba oksijeni ya hewani. Methani inayovuja bila kuungua ni mbaya zaidi: ndani ya miaka 20, uzito uleule hupasha joto dunia zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dioksidi.

Ndiyo maana kisima kinavyofungwa ni muhimu kama kinavyofunguliwa. Kisima kilichochoka huwekewa vizibo vya saruji katika vina tofauti, hupimwa kama kinavuja, kisha bomba hukatwa chini ya uso wa ardhi na kufukiwa. Kazi hii haina mapato, na ndipo ubahili huingia: huko Marekani kuna visima vingi vya zamani visivyo na mwenyewe, baadhi vikivuja methani hadi leo, na anayelipia kuviziba ni serikali. Nchi yoyote inayoanza uchimbaji inapaswa kuidai fedha ya kufungia tangu siku kisima kinapoanza kuzalisha, wakati kampuni bado ipo na bado inapata faida.